Mmea wangu haulishwi brosheti

Jumamosi, baada ya umuganda

Kwa muda wa saa tatu tu! Nilikwenda kwenye kazi ya pamoja, kuzibua mtaro na wenzangu wa mtaa, na niliporudi nikakuta kipande cha brosheti, mshikaki wa mbuzi, na chumvi yake na pilipili yake, kimekaa juu ya mmea wangu.

Ni mmea mdogo wa kinamasi. Majani yake yana matone ya gundi, na inzi mdogo akitua habanduki tena. Nimeutunza miezi minne ili wanafunzi wangu wa biolojia waone wenyewe mmea unavyokula.

Mama Salima, mwenye nyumba wangu, wala hakuficha. "Njo mi niliipa ile nyama. Kitu inakula nyama haiwezi kulala njaa mu nyumba yangu. Bon, siku itakosa, itatafuta mutoto. Uitupe."

Nikamwambia mmea huu unakula inzi na mbu tu.

"Ee, njo vile vinaanzaka," akasema. "Hata chui inazaliwaka kidogo."

Jani moja limeshaanza kuwa jeusi. Nimelikata, na mengine nimeyasuuza kwa maji ya mvua. Sijui kama utapona. Naogopa pia kufukuzwa, maana nyumba ni yake na vyumba siku hizi...

Lakini siutupi. Jumatatu nakwenda nao darasani. Salima anakaa dawati la mbele kabisa, na yeye ndiye atakayeulisha inzi, kwa mkono wake. Akirudi nyumbani, amwonyeshe mama yake vidole vyote kumi.