Bihogo Hakuamuka

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tena. Maharagwe yanaoza shambani na watu wa kanisa wanasema tumushukuru Mungu. Nimushukuru kwa kuoza?

Muzee wangu Anastazi amekataa uji. Nimemukaripia, akaunywa. Kisha akaenda kukaa mulangoni, uso kwa bonde, kama kila asubuhi tangu alipostaafu. Kutoka hapa kwetu Kanama mutu anaona chini bomba la moshi la mashini inayopika lami ya barabara. Amefanya kazi na hiyo mashini mupaka ikamumaliza moyo na kifua. Ni yeye aliyeipa jina la ng'ombe mwekundu, Bihogo, kwa sababu ya wekundu wake wa kutu. Wenzake walicheka. Halafu wote wakaita Bihogo.

"Amelala," amesema.

"Ni mvua. Nani anamwaga lami ndani ya matope?"

Hiyo ni kweli tupu. Kila masika mashini inalala, jua likirudi inaamuka. Na moto wa kwanza anauwasha yeye, hata sasa akiwa hana kazi tena pale. Wanatuma mutu kumuita. Siku hiyo anavaa kofia yake ya kazi na hasemezeki, utadhani ameitwa na rais.

Alhamisi, 27 Machi

Inosenti, mutoto wetu, amenivuta nyuma ya jiko kama mwizi. Na yeye anafanya kazi kwenye lami, baba yake alimufundisha. Amesema Bihogo hataamuka. Wanamufumua, chuma kwa chuma. Mashini mupya imekuja kwa malori, vipande vipande.

Amenieleza, macho yanamuwaka. Eti itakula lami kuukuu iliyokwanguliwa barabarani, iichanganye na mupya. Iko na mifuko ya kukamata vumbi. Haitaki moto mukali kama wa zamani. Asubuhi moja inaweza kupika lami ya barabara kubwa, halafu ya vichochoro vya Mbugangari, halafu irudie ile ya kwanza, bila mutu kubadilisha kitu kwa mukono.

"Donc, yaani inakula matapishi yake," nimesema.

"Mama, ni kutunza dunia."

"Dunia nimeitunza mi, na jembe."

Kisha neno lenyewe lililomuleta. Papa asijue. Muganga alisema moyo umevimba, asishtuke. Tungoje apate nguvu.

Kwetu mugonjwa haambiwi kifo. Dada yangu alizikwa Masisi, na mama mukwe wake, aliyekuwa mugonjwa kitandani, akaambiwa ameenda safari. Alingoja barua zake mupaka akafa. Lakini hiyo ni kwa watu. Nani anaficha kifo cha chuma?

Nimesema sawa. Mi, ambaye sijawahi kumufichia mutu hata ubaya wa pua yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Muzee anakula. Viazi anamaliza, anaomba vingine. Jana ametembea mupaka kwa jirani, leo mupaka kwenye njia ya basi. Anasema lazima miguu iwe tayari, mwezi wa sita Bihogo atamutaka.

Uongo unamulisha kuliko mi.

Chini bondeni wanakata chuma. Sauti inapanda mupaka hapa, inaingia ndani ya meno. Ameuliza ni nini. Nimesema mafundi wanatengeneza mabati ya paa.

"Wanamujengea kizizi," amesema, akacheka peke yake. "Ilikuwa wakati."

Nimeenda jikoni. Nimelia. Wajukuu wameniona, nimewafukuza na ufagio. Wao pia nimewakataza kusema. Sasa nyumba muzima ni waongo, na kubwa lao ni mi.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Muzee ameshuka mupaka barabarani, akapanda tena, pole pole, na fimbo. Majirani wanamusifu. Mi nilikuwa kwenye ua.

"Unatembea kama bata," nimemuambia.

"Bata anafika."

"Anafika wapi? Kwenye sufuria."

Amecheka mupaka akakohoa, akashika ukuta. Ameniita ibilisi. Nimefurahi. Kisha nimekumbuka furaha hiyo inatoka wapi, nikakasirika. Nimepiga mbuzi bure.

Alhamisi, 29 Mei

Leo wamewasha mashini mupya. Muwashaji ni Inosenti. Anakaa ndani ya chumba cha vioo, anagusa kidole kwenye kioo, basi. Inaanza kuzunguka.

Na muzee alikuwa mulangoni asubuhi yote, anatazama. Hakuna moshi. Hata mi nilitazama: ni mvuke mudogo tu, kama wa sufuria ya chai. Malori yamepita yamefunikwa na turubai. Amesema yanabeba kokoto.

"Bado amelala," amesema. Mara ngapi sijui.

Mutoto wake mwenyewe alikuwa pale chini, ndiyo siku yake kubwa, na baba anasema amelala. Inosenti amekuja jioni akala. Furaha yake ameimeza pamoja na ugali. Nimemuonea uchungu. Pia nimemukasirikia. Ni yeye alianza.

Tulipokuwa tunatoa sahani, muzee amesema:

"Jumatatu nitashuka mwenyewe. Wamesahau kuniita. Vijana hawana adabu."

Inosenti ameniangalia, akatoka. Nimemufuata inje.

"Tunamuambia."

"Mama, utamuua."

"Na akifika pale na ile kofia, aulize Bihogo yuko wapi? Wakimucheka je? Na wasipomucheka, wakimushika mukono kama kipofu? Si ndiyo kufa, hiyo?"

Amekwangua matope kwenye viatu vyake. Shule zote hizo.

Jumapili, 1 Juni

Tumemuambia.

Nimefanya kama kifo kinavyotangazwa. Habari ya namna hiyo haipelekwi na mutu mumoja, na haipewi tumbo tupu. Nimemuita Petero, mudogo wake, atoke Busasamana asubuhi. Nimemupa muzee chakula kwanza, maharagwe na viazi, nikangoja amalize. Kisha mi, Petero na Inosenti tumekaa mbele yake.

Ameweka kijiko chini. Si mujinga.

"Nani amekufa?"

Petero ameanza kuzunguka kwa maneno. Kaka, kila kitu hapa duniani kiko na siku yake, hata miti, hata wafalme. Yewe! Nimemukatiza.

"Bihogo. Walimukata wakati wa mvua, wakamuuza kwa watu wa vyuma. Mashini mupya inafanya kazi tangu Alhamisi. Anayeiendesha ni Inosenti."

Mukono wake ulikuwa kifuani na mi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Hakuanguka. Amemugeukia Inosenti.

"Inapika vizuri?"

"Ndiyo, papa."

"Bila moshi?"

"Bila moshi."

"Ni vizuri. Ule moshi ulitumaliza." Amesema hivyo kweli. Amemushika Inosenti kichwani kama alivyofanya zamani, na Inosenti amelia, mutu muzima wa ndevu. Nikadhani imepita. Petero alishaanza kutafuta kofia yake.

Kisha muzee ameniangalia.

"Na we ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Tulipokimbia Masisi na mi niko na kiatu kimoja, ulinicheka njia yote. Nilipolazwa, ulinitukana mbele ya muganga mupaka nikasimama. Maisha yangu yote hukunionea huruma hata siku moja." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Sasa umenionea huruma. Donc nimekufa."

Petero ameomba maji.

Alhamisi, 5 Juni

Hakai mulangoni tena. Analala, uso kwa ukuta. Jumatatu imepita hakuiulizia.

Inosenti ameleta ujumbe: wakubwa wake watatuma gari, wanataka muzee aione mashini, apige picha nao. Muzee amejibu akiwa amelala: "Waambie nimesikia." Ni hivyo tu.

Nimesimama kando ya kitanda nikamutukana. Muvivu, gunia la mahindi, amuka, kuku wanakaribia kukutagia mayai mugongoni. Hayo ndiyo maneno yalimuinua hospitali. Nimetukana mupaka maneno yakaisha. Sauti yangu haikuwa nzuri, ilikuwa inaomba. Ameisikia. Amevuta blanketi.

Nimefikiri sana leo shambani kwenye viazi. Ningemuambia Machi, angevunja sahani. Angeniita majina. Angeshuka na fimbo, na mvua, na hasira, asimame pale wakimukata Bihogo, aone kwa macho yake. Wenzake wa zamani wangekuja. Wangekunywa, wangesema uongo wao wa ujana. Moyo ungesimama? Labda. Lakini angekuwa pale.

Nilimunyima maziko. Nikamupa viazi.

Muganga alisema asishtuke. Muganga hakai hapa.

Jumapili, 15 Juni

Jua kali. Udongo umekauka, wanamwaga lami muchana kutwa, hata Jumapili. Sikuenda kanisani.

Nimemupikia uji wa mutama. Ameamuka bila kusukumwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Ameunywa wote. Ulikuwa umeungua kidogo chini, nilijua. Alijua pia, ulimi wake haujafa.

"Asante," amesema.

Tumeoana tungali watoto. Uji ukiwa mubaya alisema ni mubaya, ukiwa muzuri alinyamaza. Asante ni ya muuguzi. Ni ya mutu uliyemukuta njiani akakupa maji.

Nimengoja aongeze neno. Ameangalia mikono yake.

"Karibu," nimesema.

Nimechukua bakuli, nikaliosha.