Kichupa cha Tatu

Jumamosi, Julai, Singida Mjini.

Upepo wa leo ni ule mkavu wa baridi, unaopasua midomo. Niko mapumziko. Nimekaa kwenye intaneti kafe karibu na stendi, vumbi linapenya chini ya mlango, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote kazini. Naona niliandike hapa, kabla halijanichanganya akili.

Mimi ni mtu wa maabara kwenye hospitali ndogo upande wa Mtinko. Kazi yangu ni makohozi, mkojo na malaria. Huwa sina makuu, na mambo ya kutisha nawaachia wanaoyapenda.

Jumatano asubuhi alizaliwa mtoto wa kike, rangi yake bluu kabisa. Mama yake alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani kabla hawajamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mkunga alihangaika naye, akampulizia hewa mpaka akalia kidogo, nasi tukashukuru Mungu.

Haikupita saa moja, damu ikaanza kuvuja kwenye kitovu. Kisha ikavuja na pale pajani alipochomwa sindano ya vitamini. Haikuwa nyingi. Ila haikukoma.

Dokta alinieleza huku akikandamiza pamba. Mtoto akikosa hewa tumboni, mwili wake hupeleka ile kidogo iliyopo kwenye ubongo na moyo, na ini linabaki na njaa. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Na vile vilivyokuwepo huishia kwenye vidonge vidogo vidogo vya damu vinavyoganda mwilini pasipotakiwa. Akaniambia nipime kama damu ya huyu inaganda, ndipo ajue la kufanya.

Kipimo chenyewe ni cha kimaskini. Unaweka damu kwenye kichupa chembamba cha kioo, unakifumbata mkononi kipate joto la mwili, unasubiri dakika chache, unakiinamisha. Nilisimama mlangoni pa wodi nimekifumbata. Bibi wa mtoto, mama wa baba yake, alikaa kwenye benchi akiutazama mkono wangu tu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

Nikainamisha. Ikatiririka.

Nikapima ya mama kwa kulinganisha. Nayo ikatiririka. Nikajichoma kidole mwenyewe, nikaweka damu yangu kwenye kichupa cha tatu, nikakifumbata huku nikihesabu. Nikainamisha.

Ikatiririka kama chai.

Sijui nilisimama pale muda gani nikikitazama kidole changu. Nilijiona kama mtu aliyekwisha kufa ila hajaambiwa. Ni pua yangu iliyoniokoa. Vichupa vilikuwa vinanukia maua. Jumanne nilikuwa nimeviosha kwa sabuni ya unga, hizi za pakiti ndogo zilizojaa madukani siku hizi, kila wiki jina jipya. Nilijiona mjanja, vioo vinang'aa. Na mabaki ya sabuni kwenye kioo huchelewesha damu kuganda. Nilifundishwa hilo chuoni, nikalisahau kwa ajili ya harufu nzuri.

Nilicheka peke yangu. Niliviziba vichupa vyote vitatu, nikavitupa kwenye beseni, nikachukua vipya kutoka boksi ambalo halijawahi kuguswa. Nilikuwa na hakika kwamba mtoto hana tatizo.

Ya mama iliganda. Yangu iliganda. Ya mtoto ikatiririka.

Basi ikawa kweli. Alihitaji damu mbichi ya mtu mzima, kidogo tu, na haraka. Mimi ni kundi O na nilishapimwa, kwa hiyo nilinyoosha mkono. Kufikia saa kumi jioni pamba ya kitovuni ilikuwa kavu. Nililia chooni, sioni aibu kusema.

Nilipotoka, bibi alikuwa amesimama juu ya beseni langu.

"Usiimwage hiyo, mwanangu," alisema. "Huyo ni mtu. Damu isiyotulia lazima ilazwe kwenye udongo wa kwao, la sivyo itamwita."

Nilipaswa kukataa, kwa sababu damu haitoki maabara hivi hivi. Lakini alikuwa ameshakinga mikono yote miwili, na mimi nilikuwa nimechoka. Vile vipya nilishampelekea Dokta; hivi vitatu vya sabuni vilikuwa vimelala pamoja, vyekundu sawasawa, bila jina hata kimoja. Nilichukua kilichokuwa karibu, nikampa kama ninayejua. Viwili vilivyobaki nilivisimamisha kwenye kabati.

Jana alirudi na uji. Alikuwa mtu mwingine kabisa, anatabasamu. Alinishika mkono akaniambia, "Imelala. Nilipoitoa ilikuwa imeganda kabisa, kama ini. Sasa hataitwa."

Nikamwambia asante, bibi.

Kisha nikaenda maabara, nikafunga mlango, nikafungua kabati. Sabuni huchelewesha tu. Damu ya mtu mzima, hata kwenye sabuni, mwishowe huganda. Kichupa cha kwanza nilikigeuza juu chini, hakikudondosha kitu. Kile kingine kilikuwa kimejitenga, maji ya njano juu, wekundu chini. Nilikiinamisha polepole.

Ikatiririka.

Kwa hiyo bibi amezika damu ya mkwewe, au yangu. Ya mtoto ninayo mimi. Jana jioni joto lake lilipanda kidogo. Dokta anasema ni kawaida, watoto waliokosa hewa huwa hivyo, na anaendelea kunyonya. Namwamini Dokta. Siamini mambo ya udongo, wala sijawahi kuyaamini.

Lakini leo asubuhi, kabla sijapanda gari la kuja mjini, nilipita kabatini nikakifumbata kile kichupa ili kisipoe. Sikumbuki niliamua saa ngapi kuja nacho. Kipo mfukoni mwa koti sasa hivi, chini ya meza, na mkono wangu wa kushoto hauandiki.

Kesho nitamtafuta bibi na kumwambia ukweli. Nitamwomba anionyeshe mahali pa kuchimba.