Sinia la Diệp

San Jose, 2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Naandika kwa sababu najua simu inakuudhi. Natumai goti limetulia. Sisi wazima. Baba Diệp anakuamkia, na Diệp ameota jino jipya, kalijaribu kwenye bega langu.

Mama, yule Khánh Vy, mwanafunzi ninayemtengeneza kucha, amenialika kwenye mkutano wa uongozi wa vijana wetu wa Kivietinamu wa huku Marekani, wanafunzi na wenye kazi zao. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi niliishia darasa la nane, nikaongoze nini?" Akanijibu, "Dada, wewe unawanyamazisha wateja wote humu saluni mpaka rangi ikauke. Njoo."

Huko wapo watakaonisaidia kuingia shule ya wasaidizi wa daktari wa meno. Naitaka sana, Mama. Shida ni kwamba mkutano uko hotelini, na umeangukia siku ya sinia la Diệp. Nipe ruhusa.

Binti yako,
Thoa

Vĩnh Long, 21 Machi

Mwanangu Thoa,

Hujambo? Mjukuu wangu je? Goti huuma mvua ikikaribia, basi majirani huniuliza mimi kama waanike nguo.

Mtoto hutimiza mwaka mara moja tu. Siku hiyo anawekewa sinia mbele ya meza ya wahenga: kitana, kioo, mkasi, kalamu, wali. Atakachoshika ndiyo njia yake. Lako liliwekwa juu ya mkeka huu huu ninaokalia. Marehemu baba yako alikuna nazi tangu alfajiri, nyumba nzima ikanukia tangawizi, tukapanga bakuli kumi na mbili za madonge matamu kwa wale Bibi Kumi na Wawili waliokufinyanga tumboni mwangu.

Hotelini nani atawakaribisha hao Bibi? Shule ingoje. Ukienda, usiniandikie tena.

Mama yako

San Jose, 5 Mei

Shikamoo Mama,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Nisipokuandikia wewe, nimwandikie nani? Goti laendeleaje?

Nilienda. Ila kabla ya kutoka nilipika madonge, nikabeba bakuli zote, mkeka na sinia. Wakati wa chakula cha mchana Vy alisogeza viti, nikatandika katikati ya ukumbi. Nilidhani watanicheka. Wakaja mawakili, wakaja wahandisi, wakavua viatu bila kuambiwa. Daktari mmoja kijana, Quốc Thái, akatumbukiza chombo chake cha kusikilizia moyo kwenye sinia.

Vy akamkemea, "Kaka, usimhonge mtoto."

"Mimi nilihongwa," akasema. "Nilishika kitana, mama akaninyang'anya, akanitia kalamu mkononi."

Wakacheka. Kisha kila mmoja akaanza kusimulia mkeka wa kwao, nazi za kwao, hadi binti mmoja akatoka nje kumpigia simu bibi yake.

Diệp alipita kitana, akapita mkasi, akakanyaga wali. Akaja hadi kwangu, akashika ile kadi ya jina niliyovaa shingoni kama wenzangu, akaitia mdomoni, hakuiachia. Sijui hiyo ni njia gani. Niambie, Mama.

Binti yako,
Thoa

Vĩnh Long, 11 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilikukasirikia mwezi mzima, halafu nikachoka.

Siku ile nami niliweka sinia hapa, na picha ya Diệp pembeni. Kuku wa jirani akaja akala wali, basi huyo njia yake tunaijua.

Bibi Kumi na Wawili wamekula kwako, sina neno. Ila kadi haikuwa kwenye sinia. Kwa sheria ya mama yangu haihesabiki, lakini mtoto hajui sheria. Itategemea imeandikwa nini, na hilo umesahau kuniambia.

Mama yako

San Jose, 20 Juni

Shikamoo Mama,

Sikusahau. Niliona haya.

Wenzangu chini ya majina yao waliandika kazi zao na vyuo vyao. Mimi nilipoulizwa pale mlangoni niandikiwe nini, nilisoma kwanza kadi za wenzangu hadi foleni ikaanza kunung'unika. Imeandikwa: Thoa, mama wa Diệp, mwanafunzi.

Siku ile ulikuwa uongo, Mama. Jumatatu nimeanza.

Binti yako,
Thoa