Simu Yangu ya Kupandia Mlima

Jumanne, baada ya kula

Basi leo nimeumbuka, na nimejitakia mwenyewe.

Tangu moshi wa lile ghala la magodoro lililoungua kule Mkuyuni uniharibu mapafu, siwezi kupanda hadi nyumbani bila kusimama. Zimamoto mzima, niliyekuwa nabeba watu mgongoni! Kwa hiyo nikifika kwenye jiwe kubwa, nusu ya mlima, natoa simu, naiweka sikioni na kujifanya naongea na mkubwa fulani mpaka pumzi irudi.

Mama Neema, anayeuza dagaa hapo jiweni, huniamkia kila jioni. Marahaba yenyewe hainitoki, namwinulia mkono tu. Ameshamwambia mke wangu kwamba siku hizi nina maringo. Mke wangu nimemkataza asimweleze ukweli. Afadhali maringo kuliko kuonewa huruma.

Leo nikasimama kama kawaida, kifua kinapiga filimbi, natikisa kichwa kama mtu anayepewa maagizo.

"Shikamoo, afande."

Nikainua mkono.

Akaniangalia, kisha akanisogezea kigoda chake. "Kaa, afande," akasema taratibu. "Ukimaliza kuongea na hiyo dawa, ivute."

Nikatazama mkononi. Simu niliiacha nyumbani kwenye chaji. Muda wote nilikuwa nimeweka sikioni kile kikopo changu cha dawa ya kuvuta.

Nikakaa. Nikavuta. Baadaye sana, anamfungia mteja dagaa na ameshanisahau, ndipo ikanitoka.

"Marahaba, mama."