Kadi Iliyopatikana Mwiki

KITUO CHA POLISI, RUIRU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mbithe Kimanzi
Umri: Miaka 29
Kazi: Mwanafunzi wa uzamili wa fizikia, fundi wa kompyuta nikipata kazi
Makazi: Kamenu, Thika

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu mbele ya Konstebo Wanja, nikiwa na akili timamu na hasira.

Nafanya utafiti wa sumaku. Ndani ya sumaku kila chembe ni kama sindano ndogo ya dira, na programu ninayotumia huhesabu jinsi sindano hizo zote zinavyogeuka kwa pamoja. Kompyuta ya kawaida hukaa na hesabu hiyo miezi. Ikiwekwa kadi ya grafiki, ile ambayo vijana hutumia kwa michezo, inamaliza kwa siku chache. Konstebo ameniuliza kama nimejaribu kalkuleta. Naomba hilo pia liandikwe.

Mnamo Januari 2025 chuo chetu kilipewa kadi moja kwa ajili ya maabara. Msimamizi wa tasnifu yangu, Dkt. Githinji, aliniambia, "Mbithe, hii ni kazi yako, ipange." Nikaipanga. Draiva mpya, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi na kompyuta, iliikataa programu yangu, na draiva ya zamani ikaikataa kadi. Nilifuta kila kitu na kuanza upya mara nyingi, hadi nikachoka hata kujihurumia. Siku iliposhika niliipima kwa jaribio ambalo majibu yake yanajulikana na watafiti wote, na majibu yangu yakalingana nayo. Nililia pale maabara. Daktari alipita, akatazama kioo, akasema, "Good girl," akaenda kunywa chai.

Mnamo tarehe 9 Mei, asubuhi, nilikuta programu imekufa katikati ya hesabu za mwisho za tasnifu, ambayo natakiwa kuiwasilisha mwisho wa Juni. Kioo kilisema hakuna kadi. Nilifungua kasha la kompyuta nikakuta nafasi tupu. Mlinzi wa lango aliniuliza, "Kompyuta iko?" Nikamwambia iko. "Sasa kimeibwa nini?" Nilimpigia Daktari, naye akasema, "Labda imeenda repair. Tulia, usianze kusumbua watu." Nikatulia, kwa sababu yeye ndiye wa kupitisha tasnifu yangu.

Mnamo tarehe 13 Mei alasiri nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alisema anaitwa Chege na ana ukumbi wa michezo ya kompyuta huku Mwiki. "Niaje madam, nimeambiwa wewe ndio unajua graphics card. Yangu imekataa kushika kabisa." Nilienda, maana kazi ni kazi. Nilipofungua kasha nikaiona kadi. Skrubu moja ya feni yake ni ya rangi ya dhahabu na ni ndogo kuliko zingine. Niliing'oa kwenye miwani yangu ya zamani mwezi Februari, feni ilipoanza kupiga kelele. Sidhani kuna kadi nyingine iliyofungwa kwa miwani yangu.

Nilimuuliza Chege alipata wapi nambari yangu. Akasema, "Si ni daktari, bwana ya sister yangu. Ndio alinipea hii kadi, akaniambia ikisumbua nikuitie wewe, ati uko na mkono nayo. Kwani kuna shida?"

Yaani Dkt. Githinji amechukua kadi, imewashinda, na wa kutumwa kuitengeneza ni mimi. Hakuwaza kwamba naweza kuijua. Amenisimamia miaka miwili na bado anaona mikono tu. Hilo limeniuma kuliko wizi wenyewe.

Nilimwambia Chege kwamba kadi ni ya maabara yetu, nikampigia Daktari mbele yake, simu ikiwa kwenye spika. Alisema, "Barua ya kuomba hiyo kadi niliandika mimi. Ifungie kijana, halafu tuongee mambo ya tasnifu yako." Nikakata simu. Chege hakubishana. Aliitia kadi kwenye mfuko wa unga, akasema hataki kitu ya machozi ya mtu, tukaja naye hapa.

Hapa kituoni Konstebo Wanja ameniambia, bila ubaya wowote, "Madam, ukisign, hii inakaa stoo mpaka kesi iishe." Nikauliza ni lini. "Hiyo ni ya korti. Ama msikizane na huyo daktari, irudi maabara leo."

Nimekaa kwenye benchi nikafikiria. Nikinyamaza, namaliza hesabu, naye anapitisha tasnifu, na siku nyingine ataniita nimfungie nyingine. Nikisema, sina kadi wala msimamizi, na mwezi Juni utapita. Nimesema.

Niliyoeleza ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa na sibadilishi neno.

Sahihi: M. Kimanzi
Tarehe: 13 Mei 2025

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi naye amekubali. Kadi moja ya grafiki imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameomba iwekwe mahali pakavu, mbali na vumbi. Nimemwambia stoo ni hiyo moja, na paa linavuja. Ameuliza kama anaweza kuleta karatasi ya nailoni. Nimemruhusu.

Konstebo Wanja