Kichwa cha Mtori

Mjukuu wangu Neema,

Huku Marangu hatujambo, ng'ombe amezaa. Umeniuliza kwa nini ile filamu ya ndugu waliopoteana ilikuchekesha wewe, mimi ikaniliza. Sijawahi kumweleza mtu.

Nikiwa mwanafunzi, mwenye aibu na kitabu mkononi, nilimsindikiza mama sokoni Himo. Alibishania bei ya ndizi hadi muuzaji akafoka, "Kichwa cha mtori wewe!"

Mama akamsogelea. Tusi hilo, la kichwa laini kama supu ya ndizi, alilitunga bibi yangu, kwa wanawe tu.

"Dada, nani kakufundisha?"

"Mama yangu, kabla shangazi hajanichukua."

"Manka?"

Alikuwa mdogo wake, ambaye mama alimtafuta tangu utotoni. Nikajiambia: tusi limemrudisha mtu! Walikumbatiana, wakitukanana na kulia. Wateja walisubiri. Nikaweka kitabu chini, nikauza ndizi.

Bibi yako