Mche Alioung'oa Rehema Kule Bugendana

Muyinga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ninavyokujua utataka kuisoma umesimama, mwiko mkononi. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha Baba je, kimepoa, au bado anajifanya mzima na kukimbilia shamba? Sisi huku hatujambo. Wajukuu wako wanakula mpaka wanatisha, baba yao mzima, nami bado nashona sare za shule pale kibarazani kwangu sokoni. Mwili hauna neno, Mama. Moyo ndio hautulii.

Mjomba Elia na mdogo wangu Rehema wanaondoka kesho kurudi Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, na barua hii nimempa Mjomba aibebe. Najua utasema si ningepiga simu. Simu nimeiogopa, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Na hao wawili kila mmoja atakusimulia kivyake, Mjomba akijipa ushujaa na Rehema akilia. Bora uanze kwangu.

Ulipowatuma huku kutoka Katumba ulisema waje watembee, waione nchi, halafu niwafikishe kwenu Bugendana tutazame kama unaweza kurudi kuishi pale ulipokimbia mauaji ukiwa mtoto. Basi tukaanza na kutembea. Kupata gari la Gitega tu ilikuwa kazi, kwa sababu mafuta siku hizi ni ya kubahatisha. Tulikaa stendi mpaka Mjomba akajuana na kila dereva, akiwaeleza jinsi barabara za kwetu Mpanda zilivyo nzuri. Nikamwambia anyamaze, tusije tukaachwa.

Gitega wameipenda. Tuliingia kwenye makumbusho, Mjomba akataka kumfundisha kijana anayetembeza wageni namna vibuyu vya maziwa vinavyotumika, yeye aliyezaliwa kambini na hajawahi kukamua ng'ombe. Kule Gishora tukaangalia ngoma. Wale wapigaji walipotokea na ngoma zao kichwani, wakipiga huku wanatembea, Mjomba wetu msemaji akanyamaza kabisa na machozi yakamtoka. Rehema akaomba naye ajaribu, akaambiwa mwanamke hapigi ngoma, akanuna mpaka tulipofika kwenye mishikaki na ndizi za kuchoma. Ilikuwa safari nzuri, Mama, nami sikuifaidi. Nilikuwa nawaharakisha kama watoto wa shule, nyama yenyewe nimekula nimesimama. Nilichokuwa nakiona ni Bugendana tu.

Tulienda asubuhi yake, pikipiki mpaka barabara ilipoishia, kisha miguu. Tulitaja jina la babu, na watu wakatuonyesha mlima bila kutuuliza mengi. Mahali ulipozaliwa pana nyumba ya matofali sasa, migomba, maharage yamekubali. Anakaa mzee mmoja, Silvesta, rika lako. Hakuwepo tulipofika, alikuwa kanisani. Hapo ningetakiwa kuwaambia wenzangu tukae barabarani tumsubiri mwenyewe. Lakini Mjomba alishaingia, anapiga picha kila upande na kupima kwa hatua kutoka mfereji mpaka migomba, eti ahakikishe kama ulivyokuwa ukitusimulia.

Rehema yeye akakumbuka ulivyomwomba akuletee kitu chochote cha kwenu kinachoota. Akaona mche mzuri, majani marefu, umesimama peke yake kati ya maharage na mihogo. Akauchimba kwa kijiti, akauzungushia kitenge chake.

Mama, ulikuwa mche wa mpaka. Sisi tumekulia Katumba, mashamba tumepimiwa, nani angetufundisha? Huku ndio unaosema shamba la huyu linaishia hapa na la jirani linaanzia pale, na anayeung'oa ametangaza ugomvi. Jirani wa mihogo alipoona tu, akapiga kelele. Mlima mzima ukaja. Mzee Silvesta akafika na nguo zake za ibada, akaona wageni wanaozungumza Kiswahili cha Tanzania, picha zinapigwa, hatua zinahesabiwa, mpaka umeng'olewa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Rehema alikuwa ameukumbatia mche kifuani.

Akaitwa shefu wa kolini, yaani kiongozi wa mlima ule. Mtu mpole, alimsikiliza kila mmoja, kisha akatugeukia. "Mulikuja kutembea, ao mulikuja juu ya shamba?"

 Nilielewa kwamba jibu lolote litabaki pale mbele ya mashahidi. Tukisema tumekuja kutembea, tumekuvua kwenu kwa mdomo wetu. Tukisema shamba, yule mzee aliyewekwa pale na serikali akiwa mdogo, baada ya ninyi kukimbia, aliyewazika wazazi wake nyuma ya nyumba ile, hatalala tena. Mjomba akavuta pumzi ya kuhutubia. Nikamkanyaga mguu.

"Mwenye jibu hayuko hapa," nikasema. "Ni mama yangu, yuko Katumba. Sisi tumekosea kwa kutojua mila. Tunaomba msamaha."

Shefu akaamuru mche urudi mahali pake. Rehema akaupanda mwenyewe, jirani akisimamia upande wake, na Mzee Silvesta akainama na suti yake kuushika usipinde. Mkewe alituletea juisi ya ndizi, tukanywa bila kutazamana sana. Wakati wa kuaga, mzee akanisindikiza mpaka njiani akaniambia, "Mi sikatazi mutu. Mama yako akikuja kutembea, atalala kwangu. Akikuja kwa mambo ya shamba, atalala kwa shefu."

Hakusema kwa hasira, Mama. Alionekana amechoka. Njia nzima nilikuwa nakukasirikia, halafu nakuonea huruma, halafu namwonea huruma yeye. Nikifikiria haki yako, nataka kurudi kesho niwaambie ni kwetu. Nikikumbuka mikono yake kwenye ule udongo, nashindwa. Tangu turudi Muyinga nashona nakosea, jana nimeweka mikono miwili ya kulia kwenye shati moja.

Msalimie Baba. Msalimie shangazi muuza dagaa, na mama yangu wa ubatizo. Wifi mwambie kitambaa chake kiko kwenye begi la Rehema. Rehema usimgombeze, amejigombeza vya kutosha.

Shefu anangoja neno lako, nami nimeahidi kulipeleka mwenyewe, lolote litakalokuwa. Niambie tu, Mama, ukija Bugendana utalala kwa nani?

Mwanao akupendaye,
Neema